Fundi fremu wa Lamu alihesabu vipaa kabla mimi sijahesabu

Kama una picha ya karatasi na hujui uipeleke wapi, nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa Lamu, kuna fundi fremu, ukipita ngome uliza tu utaonyeshwa. Mi nilimpelekea kopi ya mchoro wa penseli wa karne ya 19 niloletewa na rafiki yangu yuko Marekani, nyumba ya Kapteni John Turner huko Salem, ilijengwa 1668. Aliniletea hiyo kwa sababu ya merikani, maana meli za Salem ndizo zilokuwa zikiileta ile nguo Zanzibar na kurudi na pembe na sandarusi, na marehemu nyanya kila kitambaa cheupe kwake kilikuwa merikani tu hata kama kimetoka China.

Sasa hii nyumba sifa yake ni vipaa saba vya pembetatu, na mi nikamwambia fundi hivyo kwa maringo. Akavaa miwani akahesabu. "Mbona mi naona vitatu, mwanangu? Huu mchoro haujakatwa?" Nikaona haya, nikajua rafiki yangu ameuziwa kopi mbovu, nikamwambia ngoja kwanza. Usiku nikasoma, kumbe vipaa vingine vilishabomolewa zamani, mpaka mama mmoja, Caroline Emmerton, akainunua nyumba 1908 akavirudisha vyote. Mchoraji wa watu alichora alichokiona! Fundi mwengine angeshakata pambizo ili picha ijae kwenye fremu, huyu aliuliza, na kwa hilo peke yake nampa nyota nne.

Fremu ni ya mbambakofi, nakshi ndogo pembeni, haikuzidi mchoro. Kasoro ni kioo, alikibana moja kwa moja juu ya karatasi na nyumba yangu iko karibu na maji, haikupita miezi miwili kona moja ikafanya mawimbi na ukungu kidogo. Nilimrudishia akaweka karatasi ngumu ya kuzungushia katikati ili kioo kisiguse, lakini alinitoza mia tano tena na hapo sikufurahi, si angeniambia mapema? Kwa hiyo sema wewe mwanzo unataka nafasi.

Nimeitundika juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kila mgeni anauliza nyumba ya nani. Wamarekani wenyewe wanaiita nyumba ya kikoloni na wanasema kwa kujivuna, kwao za kikoloni ni za kabla ya uhuru wao wa 1776, walokuwa wakoloni ni babu zao. Ami yangu alivyosikia kikoloni alidhani ni ya DC, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akataka kujua kwa nini nimeweka DC ukutani.

Ijumaa wanafunga mpaka baada ya swala, M-Pesa wanachukua, na fremu kubwa mtafutie punda mwenyewe.