Lenzi ya mkono kwa kuchunguza maua: ya mara 10 inatosha, "40X" ni maandishi tu

Lenzi ndogo zinazokunjwa ndani ya fremu ya chuma zimejaa madukani, nyingi zikiwa zimechorwa "40X" (yaani hukuza mara 40) au hata "60X" ubavuni. Kabla ya kulipa, zipime. Hakuhitajiki fundi. Simama mita tatu au nne kutoka dirishani, weka karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, uisogeze mpaka picha ya dirisha itulie juu yake, kisha pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya lenzi na karatasi. Gawa 250 kwa milimita ulizopata. Ukipata milimita 25, lenzi yako ni ya mara 10. Ya mara 40 kweli ingetaka milimita 6 tu, na kioo chake kingekuwa kidogo kama punje ya mbaazi. Kwa hiyo kioo kipana cha milimita 25 chenye maandishi "40X" kimeshajisema chenyewe.

Udanganyifu huo unaudhi, lakini kwa kazi ya maua haukutii hasara kubwa, maana mara 10 ndiyo inayofaa. Ukizidisha hapo, eneo linaloonekana hubana, mwanga hupungua, na mkono ukitikisika kidogo tu ua linapotea. Kilicho muhimu kuliko namba ni kioo chenyewe. Lenzi ya kioo kimoja huweka ukingo wa zambarau na njano kuzunguka kila kitu, na pembeni picha hufifia. Ya vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja ni ghali zaidi, ila picha yake ni safi mpaka ukingoni. Shule yenye fedha kidogo inunue chache za namna hiyo, wanafunzi wapokezane.

Wengi hukosea kwa kuinyoosha mbele kama mpelelezi wa kwenye katuni. Lenzi ikae karibu kabisa na jicho, mkono uegemee shavuni, halafu ua ndilo lisogezwe mpaka libaki kama sentimita 2.5. Simama mwanga ukitokea ubavuni. Taa ndogo zilizobandikwa kwenye baadhi ya lenzi hazina msaada mchana, tena hufanya petali zing'ae mpaka mishipa yake isionekane.

Anza na haibiskasi, lile ua jekundu la uani. Ng'oa petali zote tano, ubaki na mrija mrefu katikati. Macho matupu hudhani ni kitu kimoja. Kwenye lenzi unaona filamenti, yaani vijiti vinavyobeba vifuko vya chavua, zimeungana kuwa ala kama ya kisu, na staili, kijiti cha sehemu ya kike, imepita ndani yake mpaka juu, inakogawanyika kuwa stigma tano (ncha zinazopokea chavua) zenye vinyweleo. Chavua yake ni kubwa, zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, hivyo unaweza kuziona punje moja moja, na lenzi nzuri hukuonyesha kuwa uso wake una ukwaru. Haibiskasi ya mapambo mara nyingi haizai mbegu. Ukitaka kufuata mpaka tunda, kata bamia changa kwa upana: ni ukoo mmoja, na vyumba vya ovari, sehemu inayogeuka kuwa tunda, vimejipanga wazi, mbegu zikiwa zimeshikwa katikati.

Kunde ni ngumu kidogo. Ua lake hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, basi lichume mapema, ulifunge kwa kitambaa chenye unyevu. Ndani kuna stameni 10, yaani sehemu za kiume zinazotoa chavua: tisa zimeshikana, moja imejitenga. Fungua pia tumba linalokaribia kuchanua. Utakuta chavua imeshamwagikia stigma, ndiyo maana kunde hujichavusha zenyewe kabla nyuki hajabisha hodi. Ovari ipasue kwa wembe mpya, upande usioshikilia ovyuli, yaani vijimbegu vichanga. Ukipasua upande wenye ovyuli utazikata zote. Wembe butu huponda, na hapo lenzi haiwezi kukusaidia.

Lenzi inapokomea ni kwenye urutubishaji. Mrija wa chavua unaoshuka ndani ya staili, kiini kimoja kikiungana na yai na kingine kikienda kuanzisha akiba ya chakula cha mbegu, hivyo vinataka hadubini. Muuzaji anayekuambia utayaona hayo kwa lenzi ya mfukoni, mwache na lenzi yake.

Chavua ikitapakaa kwenye kioo, ipulize au uipanguse kwa brashi laini kabla ya kufuta, la sivyo vumbi lililochanganyika nayo litakwaruza. Lenzi ya plastiki usiisafishe kwa spiriti kwa sababu hupasuka nyufa nyembamba. Maji yenye sabuni yanatosha. Skrubu ya bawaba hulegea mapema, ikaze kila mara. Kwa wa pwani, usiifungie kwenye mfuko wa ngozi kwa miezi: kuvu huota juu ya kioo, na alama zake hazitoki.