posix_fadvise: mwito mdogo wa kulinda kache ya seva

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, haijui programu yako itasoma faili kwa mtindo gani, kwa hiyo hubahatisha. Ikiona usomaji unakwenda mfululizo, huvuta data ya mbele kabla haijaombwa, kwa kawaida hadi KB 128, na kila ilichosoma hukiweka kwenye kache, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoshika data ya faili. Mara nyingi hupatia. posix_fadvise, mwito ambao programu huutumia kuishauri kerneli kuhusu usomaji wake, ni ya pale inapokosea, na kwa kazi hiyo tunaipa alama za juu, ingawa si kila ushauri wake una uzito sawa.

Mwito wenyewe unachukua namba ya faili lililofunguliwa, mahali pa kuanzia, urefu (0 ni hadi mwisho wa faili) na ushauri mmoja kati ya sita. Wanaoandika Python wanao kama os.posix_fadvise tangu toleo la 3.3.

Ushauri wenye faida kuliko yote ni POSIX_FADV_DONTNEED. Programu ya chelezo inayosoma GB 200 mara moja tu inaweza kuzitoa kwenye kache kurasa (vipande vya data vinavyoshikwa humo) ambazo hifadhidata inazihitaji kila sekunde, na seva nzima ikazorota. Dawa ni kusoma kwa vipande, tuseme MB 8, na kila ukimaliza kimoja uiambie kerneli hukihitaji tena. Anzia na kuishia kwenye mipaka ya ukurasa, ambao kwa kompyuta nyingi ni baiti 4096, kwa sababu ukurasa uliotajwa nusu hauondolewi.

Wengi hukwama kwenye kuandika. Kurasa ambazo bado hazijafika diskini haziondolewi, na mwito hurudisha 0 kana kwamba kazi imefanyika. Lazima utangulize fdatasync, mwito unaosubiri data ifike diskini. Kuiita kila baada ya kipande kunapunguza kasi sana, kwa hiyo ni afadhali sync_file_range, mwito unaoandika sehemu tu ya faili: anzisha uandishi wa kipande cha sasa, subiri kile kilichotangulia kifike, kisha kiondoe hicho kilichotangulia. Usiitegemee sync_file_range kulinda data umeme ukikatika, maana haiandiki metadata (taarifa kuhusu faili lenyewe, kama ukubwa wake).

Jambo jingine zito: kache ni ya wote. Ukiliondoa faili ambalo programu nyingine inalisoma, umeiharibia na yenyewe. Angalia kwanza kwa amri ya fincore ni kiasi gani cha faili kilikuwemo kabla hujaligusa.

POSIX_FADV_WILLNEED, inayoiomba kerneli ivute data mapema, nayo ni nzuri, hasa kama unajua mapema sehemu zilizotawanyika utakazosoma. Hifadhidata ya PostgreSQL imeitumia hivyo kwa miaka mingi. Usiombe gigabaiti nzima kwa mkupuo. Kerneli ina ruhusa ya kusoma pungufu ya ulichoomba, na haitakuarifu.

SEQUENTIAL huongeza maradufu dirisha la kusoma mapema, basi. Kwenye diski yenye kasi huenda usione tofauti. RANDOM hulizima kabisa, jambo linalofaa kwa faharasa kubwa zinazosomwa hapa na pale. Zote mbili hugusa faili zima lililofunguliwa hata ukitaja kipande tu. NOREUSE, ya data itakayosomwa mara moja tu, haikufanya lolote kuanzia kerneli 2.6.18 hadi 6.2, imepata kazi tangu 6.3. NORMAL hurejesha hali ya kawaida.

Tuna lalamiko moja kuhusu muundo wake. Mwito huu haugusi errno, mahali ambapo miito mingi huacha namba ya kosa. Hurudisha namba ya kosa moja kwa moja. Msimbo unaoangalia kama jibu ni chini ya 0 hautaona kosa kamwe, hata ukiupa bomba (pipe, njia ya data kati ya programu) badala ya faili na kupata kosa la ESPIPE.

macOS haina mwito huu; huko hutumika mwito wa fcntl wenye F_RDADVISE au F_NOCACHE. Windows hutaka ushauri utolewe wakati wa kufungua faili, kwa FILE_FLAG_SEQUENTIAL_SCAN au FILE_FLAG_RANDOM_ACCESS. Na kama faili umelisoma kwa mmap, inayoliweka faili moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya programu, tumia mwito wa madvise, kwa sababu DONTNEED ya hapa huziruka kurasa zilizoshikwa na mmap.