Laki na themanini kwa dakika 12 za usukani: mafunzo ya udereva ya kununua na ya kuacha

Mwaka jana nilitoa shilingi 720,000, yaani laki na themanini mara watu wanne, mimi na madereva wangu watatu, tukasome udereva wa kujihami, yaani kuepuka ajali hata mwingine akikosea, kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Dar. Nasambaza vyakula vya kuku, nina kirikuu (kile kipikapu kidogo), Succeed na Canter, na IST yangu ya kwendea kanisani. Tukapewa fulana, kalamu, begi la karatasi na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Wiki ya tatu yule kijana wa Succeed akaivaa daladala kwa nyuma pale Kimara, mvua inanyesha, hakuna aliyeumia zaidi ya mimi mfukoni.

Nikamuuliza ilikuwaje, akaniambia, "Dada, nimekanyaga breki ikaanza kunigonga mguuni, tatatata, nikajua imekata, nikaachia nikakanyaga tena."

Fundi akalipeleka gari barabarani, akalikagua, akarudi anacheka. Breki nzima kabisa. Ile tatatata ni ABS inafanya kazi yake, inabana na kuachia haraka haraka ili matairi yasijifunge na usukani uendelee kukusikiliza, na wewe kazi yako ni kukandamiza tu usiachie. Sasa kilichoniuma ni kwamba ABS ilikuwepo kwenye semina! Slaidi nzima, na mchoro wa gari jekundu. Kijana aliiona, akaandika kwenye daftari, nimeliona daftari. Ila mguu wake haukuwahi kuisikia hata siku moja mpaka siku ile ya Kimara.

Nilivyotulia nikakaa na kikokoteo. Tulianza saa mbili asubuhi, usajili na kujitambulisha mpaka saa tatu na nusu (mgeni rasmi alichelewa), halafu slaidi, chai na sambusa, slaidi tena, chakula cha mchana, na saa nane na robo ndo tukatolewa nje kwenye vitendo. Saa kumi kasoro robo tukaitwa kugawiwa vyeti na kupiga picha. Dakika 90. Washiriki 14, magari mawili, saba kila gari. Gawa mwenyewe, hata dakika 13 hazifiki, na toa ule muda wa kubadilishana viti na kuvuta siti mbele maana mimi mfupi. Nilishika usukani kama dakika 12, kuzunguka viwanja vya hoteli na kurudi nyuma katikati ya koni. Kwa laki na themanini hiyo ni shilingi 15,000 kwa dakika moja, na nusu ya hizo dakika nilikuwa namsubiri mlinzi afungue geti.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu sitaanzia kwenye bei, umbali, wala eti angalia kama wamesajiliwa, hayo unayajua. Mi nina swali moja tu na ndilo nalotumia kuwapanga wanaofundisha, namba moja mpaka sita: mimi binafsi nitashika usukani dakika ngapi, kwenye gari gani? Wanaouliza ni wachache mno. Nimewapigia wauzaji wengi na hilo swali linawakamata kama tochi ya trafiki kwenye kona. Mmoja alinijibu "inategemea na ushirikiano wa washiriki". Ushirikiano gani tena, kaka yangu, nataka namba.

Namba moja kwangu, na sifichi kwamba napendelea, ni mwalimu aliyesomea Smith System, umpakie kwenye gari lako mwenyewe, barabara unayopita kila siku. Mfumo wenyewe ni wa Kimarekani, ulianzishwa 1952 na Harold Smith, na ukiongea na madereva wa malori ya mafuta au wa migodini wengi watakutajia zile funguo tano bila kupumua: tazama mbali, pata picha nzima, macho yasigande, jiachie pa kutokea, hakikisha wanakuona. Maneno rahisi mno, hata mi mwanzo nilisema hiki ndo nitoe hela? Shida ni kuyafanya.

Mzee niliyempata aliendesha tenka miaka mingi. Akakaa siti ya kushoto kwenye IST yangu, tukatoka Tegeta kwenda Bunju, hajasema kitu dakika nzima. Halafu akauliza, "Mwanangu, nyuma yako kuna gari gani?" Sikujua. Nikataka kuchungulia kioo, akasema hapana, usiangalie sasa hivi, nilitaka uwe unajua tayari. Ilikuwa Fuso la mchanga, limenibandika. Toka hapo nikawa naangalia vioo kama mtu anayedaiwa, na yeye ndo anavyotaka, vioo kila sekunde tano mpaka nane, na macho yasikae sehemu moja zaidi ya sekunde mbili.

Kitu cha pili akaniambia endesha huku unasimulia, kwa sauti. Mama kabeba ndoo kushoto anaweza kuvuka, bodaboda kawasha indiketa hajui kama imewaka, daladala mlango umefunguka konda kanyoosha mkono, hiyo inasimama. Unajisikia mjinga kama mtangazaji wa mpira asiye na redio. Ila baada ya nusu saa nikagundua nilikuwa naendesha miaka 11 huku naangalia bampa ya gari la mbele basi. Yeye anataka sekunde nne kati yako na wa mbele, kwa spidi 50 hiyo ni kama mita 55, na kwa 80 ni karibu mita 90. Nikamwambia mzee wangu nikiacha mita 55 Morogoro Road zinaingia daladala mbili na bajaji. Akasema waache waingie, wakishaingia unaachia nyingine, utafika kwa kuchelewa dakika tatu.

Breki tulifanyia kwenye barabara tupu ya mradi wa viwanja, lami, hakuna mtu nyuma, spidi 40, kanyaga mpaka mwisho na usiachie. Kijana wa Succeed alirudia mara sita. Mara ya kwanza mguu ulijitoa wenyewe, mara ya pili pia. Ya tatu akashikilia, pedali inatetemeka, gari likasimama huku analikwepesha boksi tulilokuwa tumeliweka. Alishuka akacheka peke yake. Na mzee akamuonya vizuri kabisa kwamba kirikuu letu halina ABS, kule ukikandamiza matairi yanajifunga na gari linakwenda linakotaka, kwa hiyo jua unaendesha nini kabla hujaamua mguu wako ufanye nini. Ndo maana nasema gari lako. Mafunzo ya gari la mwalimu ni kama kupima kiatu cha jirani.

Alinitoza laki mbili na nusu kwa siku, watu wawili, kila mmoja akashika usukani masaa matatu kamili. Inakuja kama shilingi mia saba kwa dakika. Mia saba na elfu kumi na tano!

Jinsi ya kuwapata: ulizia kwa maafisa usalama wa kampuni za usafirishaji wa mafuta, wanajuana. Na kumpima ni kazi ndogo, mwambie akuendeshe yeye dakika kumi huku anasimulia anachokiona. Akinyamaza, au akianza hadithi za ajali alizowahi kuona, mnunulie soda muagane.

Namba mbili ni NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, kipo tangu 1975. Kama una basi, kosta au malori, au dereva wako anataka kazi kampuni kubwa, anzia hapo, maana cheti chake mtu wa ajira anakijua hata kabla hujamaliza kukitaja. Ila kwa mwenye leseni daraja D na IST yake moja ni kama kukodi Fuso kuhamisha godoro. Hata hivyo swali langu liulize na pale kabla hujalipia, watu wangapi kwa gari na nitashika dakika ngapi. Na usichanganye mambo, dereva kuthibitishwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ili aendeshe gari la biashara ni takwa la kisheria, haimaanishi kafundishwa kushuka mlima Kitonga, njia ya Iringa, na mzigo.

Hapo kwenye mzigo nisimame kidogo. Canter langu linapeleka chakula Iringa mara moja moja. Dereva akijifunza kwa gari tupu amejifunza gari lingine kabisa. Likiwa tupu breki inakusamehe, likirudi na mzigo wa tani tatu unashuka Kitonga mguu kwenye breki muda wote, breki zinapata moto mpaka unasikia harufu, na zikishachemka unakanyaga hewa. Gia ndogo uliyopandia ndo ushukie nayo, na uibadilishe kabla mteremko haujaanza, injini ikushikilie. Hili mtu halielewi kwenye slaidi. Pakia magunia, mpeleke mlimani na mwalimu, mchana.

VETA, vile vyuo vya serikali vya ufundi stadi, ni namba tatu, hasa kwa dereva aliyejifunzia mtaani kwa shemeji yake na anahitaji kuanza upya na misingi. Ukiwa na vijana wapya wa kuajiri ni pazuri.

Namba nne ni ya mlioko Uingereza, mna bahati na wengi hamjui. Kuna IAM RoadSmart, ipo tangu 1956, unakaa na mtu anayejitolea, ndani ya gari lako, mara nyingi mpaka ukomae, ndo ufanye mtihani. Na kuna mtihani wa RoSPA, shirika lao la kuzuia ajali, unaokupa dhahabu, fedha au shaba, halafu unarudi kupimwa kila baada ya miaka mitatu. Kila miaka mitatu! Huku kwetu cheti kikishalaminetiwa ni cha mpaka kaburini.

Semina za hoteli nimeziweka namba tano, na video za YouTube na zile PDF za kwenye magrupu ya WhatsApp namba sita. Za bure ni za bure, tuendelee.

Kuna na hizi za kuteleza na kuzungusha gari kwenye kiwanja chenye maji, vijana wanazipenda sababu zinatoka vizuri kwenye video. Mi nisingetoa hela. Norway waliwahi kulazimisha madereva wapya wapite mafunzo ya kuteleza, na baadaye ikaonekana vijana wa kiume walizidi kupata ajali za utelezi, maana mtu akishajua kujinasua anaacha kuogopa. Mzee wangu wa tenka anasema dereva mzuri ni yule ambaye hujawahi kumuona akijinasua.

Wenye magari ya kampuni, mna kitu kingine cha kufanya kabla ya kununua chochote. Sweden, kwenye shirika lao la simu la Televerket, waliwagawa madereva kwenye makundi, wengine wakapewa mafunzo ya udereva, wengine bonasi, wengine kampeni za matangazo, wengine wakawekwa tu wakae wajadiliane wenyewe matatizo yao ya barabarani na nini kila mmoja atabadilisha. Hao wa kujadiliana ndo ajali zao zilipungua kuliko wote. Toka nisome hilo, Jumatatu nanunua vitumbua na chai, tunakaa nusu saa, naanza mimi kusema nilichokosea wiki iliyopita. Mwanzo walikuwa wananiangalia tu. Sasa dereva wa Canter kasema mwenyewe kwamba anakimbia siku za Ijumaa kwa sababu mteja wa mwisho anafunga saa kumi. Nikahamisha yule mteja kwenda Alhamisi. Hakuna mwalimu angenifundisha hilo.

Sasa wauzaji, jamani. Serikali ilishakataza 2025 kuweka bei kwa dola kwa huduma za hapa hapa nchini, lakini mwezi uliopita nimetumiwa kotesheni ya "USD 150 kwa kichwa" na kampuni ambayo ofisi yake ipo ghorofa moja na duka la vipuri ninaponunua taa. Nikauliza kwa shilingi ni ngapi, wakanipigia kwa reti yao wenyewe isiyofanana na ya benki yoyote. Kisha VAT inaongezwa mwisho kabisa, asilimia 18, baada ya mimi kushasema ndiyo. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wakasema mashine ina hitilafu. Mashine za nchi hii zina hitilafu siku ya malipo tu.

Halafu kuna ile ya "ukiwa na cheti chetu bima inapungua". Nilimpigia wakala wangu wa bima, akacheka mpaka nikaona aibu. Mtu akikuambia hivyo mwambie akupe barua ya kampuni yako ya bima, sio maneno.

Mimi hela yangu ya semina sikurudishiwa. Niliwaandikia barua nikiweka hesabu ya dakika 12, wakanijibu kwa heshima sana wakinikaribisha kwenye semina ya awamu ya pili, punguzo asilimia kumi, fulana safari hii zina kola. Jumamosi mzee wa tenka anarudi kwa ajili ya dereva wa kirikuu, kasema tuweke magunia ishirini nyuma na nisilete koni.