Wikiendi ya sarafu na nishani Iringa: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza. Shilingi 20,000 kwa siku mbili za mada na kutazamiwa sarafu na nishani za zamani, Jumamosi na Jumapili. Chai ya saa nne imo, chakula cha mchana hakimo, na hilo la chakula hawakulisema wakati wa kujiandikisha. Tulikuja kulijua saa saba mchana, tumbo limeshaanza kuimba, ndipo tukaelekezwa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Ugali wake na kuku wa kienyeji ulikuwa mzuri, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na anayepokea hela yako halafu hakwambii inaishia wapi.

Mimi nina duka la rejareja Mafinga, pamoja na uwakala wa kutuma na kutoa fedha, kwa hiyo sarafu zinapita mkononi mwangu kutwa nzima. Sikuwahi kuzitazama. Kilichonifikisha Iringa ni kopo la kahawa alilotuachia babu, ndani vyuma vyeusi vyeusi na kitu kimoja chenye umbo la nyota. Mama alinikabidhi siku aliyosafisha stoo, akasema, "Chukua, na ukizitupa usiniambie."

Nilipanda Coaster ya alfajiri. Mwezi wa saba, baridi ya kwetu mnaijua, vioo vyote vilikuwa vyeupe kwa mvuke. Kutoka stendi ya Igumbilo bajaji ikanipandisha mlima mpaka mjini, na kabla ya saa tatu nilishakaa kwenye kiti. Ratiba ilisema saa tatu. Projekta ilifika saa nne kasoro, ikaanza kutafutiwa waya.

Tulikuwa kama watu thelathini. Wastaafu wengi, vijana wachache wa chuo, mzee mmoja kutoka Chunya, na sonara aliyekuja na mizani yake ndogo kwenye kisanduku cha mbao. Kila aliyeingia alisalimia "Kamwene" akaitikiwa na ukumbi mzima. Mwanamke nilikuwa mimi na dada aliyekuwa akigawa chai.

Mada ya kwanza ilitolewa na mwalimu mstaafu wa historia, na huyo peke yake anatosha kulipiwa nauli. Projekta ilipomgomea akaachana nayo, akachukua bahasha yake, akaanza kutupitishia sarafu mkono kwa mkono. "Kila mkisema hela," akasema, "mnasema Kijerumani." Akatueleza kwamba enzi za Mjerumani rupia moja ilikuwa na vijisarafu 64 vilivyoitwa pesa, mpaka mwaka 1904 walipoibadili iwe na heller 100. Wazee wetu wakaitamka heller kwa midomo yao, ikawa hela. Heller zenyewe zimekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, neno bado linadaiwa dukani kwangu kila siku.

Kisha akanipa sarafu moja ya hela tano, ya shaba. Jamani. Ni pana kuliko sarafu yetu ya 500, na uzito wake gramu 20 hivi, kama kifuniko cha chupa kilichoshiba. Ilitengenezwa miaka miwili tu, 1908 na 1909, na ukiishaibeba huulizi kwa nini. Baadaye wakaja na hela tano ndogo nyeupe yenye tundu katikati, ya kupitishiwa kamba.

Tundu hilo ndilo lililonipa dakika moja ya utajiri. Kwenye kopo la babu mlikuwa na senti kumi ya tundu ya mwaka 1936, mwalimu akaisogeza kwenye kioo chake cha kukuzia na kuniambia nisome. Nikasoma: EDWARDVS VIII. Huyu ni yule mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti mwaka huo huo, hata kuvishwa taji hajavishwa. Kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa wananchi. Sisi huku tulipata senti tano na senti kumi zenye jina lake, kwa sababu sarafu ya tundu haina pa kuweka kichwa cha mfalme, jina linatosha. Moyo ukaanza kunidunda. Nikauliza thamani yake. Mwalimu akacheka taratibu: "Zilitengenezwa nyingi sana, dada yangu. Hadithi yake ni kubwa, bei yake ni ya soda." Hata hivyo hiyo siiuzi.

Mada ya sarafu za Kilwa ilibanwa dakika ishirini, na hapo nilisikitika. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na maneno ya upande huu yanagongana vina na ya upande wa pili, kama beti. Tano ziliokotwa Australia mwaka 1944, kwenye visiwa vya Wessel. Mikono ikainuka chumba kizima kuuliza zilifikaje kule, msimamizi akatazama saa yake na kusema twende chai. Waandaaji, kama mnasoma hapa: chai ingesubiri.

Baada ya chai kijana mmoja akasimama na swali ambalo nadhani nusu ya ukumbi walikuwa nalo kooni. Kuna watu wamemwambia rupia ya Mjerumani yenye nguvu inazima simu, na inanunuliwa kwa mamilioni. Hakuna aliyemcheka. Sonara akainuka, akaweka rupia ya madini ya fedha juu ya meza, simu ya yule kijana juu yake, akamwomba mtu apige. Ikaita. Bongo Fleva ikajaa ukumbini. Akaigeuza rupia upande wa pili, wakapiga tena, ikaita tena. "Ni fedha," akasema, "gramu kumi na moja na nusu hivi. Sumaku haiivuti, na simu haiijui." Kijana akakaa. Nafikiri kuna pesa alishaitoa mahali, kwa jinsi alivyokuwa akiangalia viatu vyake.

Zamu yangu ya mezani ilifika saa tisa. Huu ndio moyo wa shughuli nzima: unaleta ulichonacho, wanaokijua wanakitazama bila malipo ya ziada. Rupia ya babu nilikuwa nimeiandaa usiku wa kuamkia safari, kwa dawa ya meno na kitambaa, ikang'aa kama sinia la harusi. Sonara akaiinamisha kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Kimya.

"Umeisugua?"

"Kidogo."

Akanionyesha mikwaruzo myembamba iliyokimbilia upande mmoja, mamia yake, juu ya kofia yenye ndege ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani. Ule weusi niliouona uchafu ndio mkusanyaji anaoulipia, na haurudi. Akataja bei ambayo angeninunulia, kisha ile ambayo angeitaja jana yake asubuhi. Tofauti, kwa hesabu za dukani, ni kilo kumi za sukari. Kwa hiyo usisugue, wala kwa majivu, wala kwa ukwaju, wala kwa limau.

Kitu kingine kilichonichekesha na kuniudhi kwa pamoja: mlangoni waliuza vifuko vya plastiki laini vya kuhifadhia sarafu, 500 kila kimoja. Nilinunua kumi. Saa kumi jioni mtoa mada akasema plastiki laini yenye harufu huchuja utomvu wa kijani unaokula shaba, tutumie bahasha za karatasi. Tuliotoka navyo tukatazamana.

Meza za wauzaji ndipo panapohitaji kurekebishwa kwa kweli. Mmoja alikuwa na "rupia 15 ya dhahabu ya Tabora". Mwalimu alikuwa ametusimulia asubuhi: mwaka 1916 bahari imefungwa na Waingereza, Wajerumani wakatengeneza sarafu zao wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli, sarafu za hela ishirini za shaba na za shaba ya njano, na hii ya dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, tembo mbele ya mlima. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu. Halisi ina gramu saba na kidogo, dhahabu ya karati 18. Ya yule muuzaji iliposimama juu ya mizani ya sonara haikufika hata tano. Akasema mizani ni mbovu, akaifunga kwenye leso, na Jumapili asubuhi alikuwepo meza ile ile na tembo wake. Hakuna mwandaaji aliyemsogelea. Mtu anayelipa kiingilio anategemea kuwa angalau hapo ndani hatatapeliwa.

Jumapili ilikuwa ya nishani, na nilikuwa karibu nisiende. Watu walipungua, tukabaki kumi na wanane. Nikatoa ile nyota ya kopo. Ncha sita, rangi ya shaba, imeandikwa THE BURMA STAR kuzunguka herufi za mfalme. Utepe wake uliobaki ni kipande cha kidole: mwekundu katikati, buluu iliyokolea pembeni, na mstari wa chungwa ndani ya buluu. Nilijua babu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika kwenye jeshi la Mwingereza (King's African Rifles). Sikujua kwamba mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani kwenye bonde la Kabaw huko Burma, Myanmar ya leo, katikati ya mvua za masika za kule, matope mpaka kiunoni, hadi mto Chindwin. Babu alikuwa akitwambia "mvua hizi si mvua" kila tulipolalamika, tukadhani ni uzee.

Mtoa mada akanigeuzia nyota nyuma: patupu. Medali za vita ya kwanza mara nyingi zina jina na namba ya askari kwenye ukingo, hizi za vita ya pili nyingi zilitolewa hivi hivi. "Bila jina au namba," akasema, "kesho kutwa hii ni nyota ya mtu yeyote. Mzee alikuwa na namba?"

Nikatoka nje kumpigia mama. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaitaja tarakimu kwa tarakimu bila kusita: babu akishapata ulanzi, ndiyo aliyokuwa akiikariri huku amesimama wima mlangoni. Nikaiandika kwenye bahasha ya karatasi, na jina lake chini, nikarudi ndani.

Nitarudi awamu ijayo. Nitabeba chakula changu, na vile vifuko kumi navipeleka vikarudishiwe hela.