Fire and Bones ya Kathy Reichs: kwenye mifupa mama yuko vizuri, mwisho ndo kalazimisha

Niseme mapema mimi ni mteja wa zamani wa Temperance Brennan, yule mtaalamu wa mifupa ya maiti ambaye ndo mhusika mkuu wa vitabu vya Reichs, kwahiyo hii rivyu ina upendeleo kidogo. Fire and Bones kilitoka 2024, ni kitabu cha 23 kwenye mfululizo ulioanza 1997 na Déjà Dead, na nyie mliomjua Brennan kupitia ile siriz ya Bones kwenye TV (2005 mpaka 2017) jiandaeni kabisa maana huyu wa vitabuni ni mtu mwingine, mtu mzima, pombe aliachana nayo kwa shida, ana binti mkubwa, ana paka, na Booth wenu, yule mpelelezi wa FBI wa kwenye TV, hayupo.

Stori ni hivi, nyumba imeungua Washington mtaa wa Foggy Bottom, watu wamefia ndani, Brennan anaitwa kutoka mji wa Charlotte akasaidie kuzitambua maiti. Mipango yake na mpenzi wake Ryan inakufa hapohapo kama kawaida, huyo Ryan sijui anavumilia nini. Sasa chini ya besmenti inagundulika kuna shimo jingine ambalo hakuna aliyelijua, humo kuna gunia, na ndani ya gunia kuna maiti ya mwanamke ambaye hakufa na huo moto, huyo ni wa zamani kabisa. Hapo ndo kitabu kinachangamka, yaani mimi kurasa za waliofia kwenye moto nilianza kuzisoma harakaharaka ili nirudi kwa mama wa kwenye gunia.

Kinachomtofautisha Reichs na waandishi wengine wa polisi na wauaji ni kwamba hii ndo kazi yake, ni mtaalamu wa mifupa kweli, na kwa taarifa yenu alishatoa ushahidi kwenye mahakama ya UN ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile iliyokuwa inakaa Arusha pale AICC. Kwahiyo akikwambia mfupa ukiungua unaanza kuwa mweusi, joto likizidi unakuwa kijivu, mwisho unakuwa mweupe na unavunjika ukiugusa tu, hajaokota gugo. Au ile maiti ya moto kukutwa imekunja ngumi kama bondia, asiyejua anasema marehemu alikuwa anapigana na mtu, kumbe ni misuli imejikunja kwa joto. Masizi kwenye koromeo maana yake mtu alikuwa anapumua moto unawaka, koromeo likiwa safi ndo unaanza kujiuliza alikufa saa ngapi na nani alikuwepo. Ufa kwenye fuvu nao, umeletwa na moto au na nyundo? Vitu vya hivi anavieleza kwa lugha nyepesi na utani kidogo, hujioni uko darasani.

Kingine nilichopenda ni historia ya mtaa wenyewe. Foggy Bottom ya leo ni ya wakubwa, Wizara ya Mambo ya Nje iko hapo, majengo ya Watergate yako hapo, ila zamani ilikuwa ya wauza pombe ya magendo, Marekani ilipiga marufuku pombe 1920 mpaka 1933, na kulikuwa na genge la ndugu wa familia ya Warring ambalo lilikuwepo kweli, sio la kutunga. Sisi tuliokua jirani na wapika gongo tunaelewa pesa ile inavyolindwa.

Sasa lawama. Sura ni fupifupi na karibu kila moja inaishia kwa kukutisha, mara simu, mara sauti nyuma ya mlango, ikifika katikati ya kitabu hushtuki tena unafunua ukurasa tu. Vifupisho vya idara za serikali vimejaa mpaka kero. Na mwisho sijaupenda, yale ya zamani na ya sasa yanaungana kirahisi mno, mtu wa umri na akili za Brennan anaendelea kujiingiza kwenye hatari ambayo angepiga simu polisi wakaimaliza wao. Mhusika mwenyewe bwana!

Nampa 3 na nusu kwenye 5, na hiyo nusu ni ya gunia. Kama hujawahi kumsoma usianzie hapa japo kesi inaeleweka bila kujua vya nyuma, tafuta Déjà Dead kwanza, ile ya Montréal kule Canada, ila usiniombe mimi maana nakala yangu aliyeiazima hapokei simu.