Uzoefu wangu: meli ya kitalii Alaska na zile siku ambazo hamshuki popote

Mimi nakodisha vifaa vya kupandia mlima hapa Moshi mjini, jaketi, sleeping bag, gaita za kukinga viatu na miguu, fimbo, hivyo baridi ndiyo inanilisha, na tangu nirudi Alaska kila anayeingia dukani ananiuliza swali lile lile, sasa zile siku meli haigusi nchi kavu mlikuwa mnafanya nini humo ndani, si mnachoka? Nimeona niandike mara moja niwe nawaonyesha hapa maana nimechoka kurudia. Jibu fupi ni kwamba hizo siku ndizo zilizonifurahisha kuliko hata zile za kushuka mjini, ila ni kwa sababu nilikaa nje. Waliokaa ndani wengi walikuwa wanalalamika, na nawaelewa.

Safari yenyewe alitulipia mdogo wangu anayeishi kule karibu na Seattle, mimi na mama yetu, wiki moja, mnatokea Seattle mnapanda kaskazini mnarudi. Mnasimama Juneau, mji mkuu wa Alaska ambao hauna barabara ya kuuunganisha na kwingine, unafika kwa meli au ndege basi, mnasimama Ketchikan, na mwishoni Victoria ambayo iko Kanada. Hiyo Victoria siyo bahati mbaya, kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 ambayo meli yenye bendera ya nje hairuhusiwi kuchukua abiria bandari ya Marekani ikazunguka ikawarudisha humo humo bila kugusa nchi nyingine, na hizi meli kubwa karibu zote zina bendera za nje. Kwa hiyo Mtanzania lazima uwe na visa ya Kanada hata kama unashuka masaa mawili jioni! Na ya Marekani nayo siku hizi masharti yanabadilika sana, ulizia kwanza kabla hujamlipa mtu hata shilingi. Haya, tuachane na visa.

Siku ya kwanza ni bahari tupu. Meli nyingi za Seattle zinapita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, yaani Pasifiki yenyewe, siyo ule mkondo wa ndani wenye visiwa, sasa mawimbi yanakuja marefu marefu na meli inapanda inashuka taratibu, haikutikisi kama boti ya Zanzibar lakini kichwa kinajua. Mama alikaa kimya asubuhi nzima nikajua tayari. Tulikuwa tumebeba tangawizi ya unga kutoka nyumbani, nikamuombea maji ya moto bafe, akanywa, akala na epo la kijani ambalo wahudumu wenyewe wanakupa ukisema tumbo halijatulia, tukashuka tukakaa katikati ya meli deki ya chini maana kule mbele na juu ndiko kunakorushwa zaidi. Mchana alikuwa mzima anadai chakula. Kama unabuk mwenyewe chukua kabini ya katikati na chini, na ni za bei ndogo pia, hizo za juu kabisa zenye sifa ndizo zinazoyumba.

Sasa kuhusu shughuli za ndani niseme ukweli, nyingi ni biashara imevishwa nguo ya burudani. Asubuhi mnaletewa karatasi kabini ina ratiba ndefu hiyo, semina ya afya ya miguu, ukienda unakuta wanauza soli za viatu. Semina ya ngozi, wanauza krimu. Mnada wa picha za kuchora wanagawa shampeni ya bure, watu wanakunywa wanaanza kunyoosha mikono, mimi nilikunywa nikatoka. Mazungumzo ya "bandari ya kesho" nikadhani wataelezea historia kumbe ni maduka gani ya vito uingie. Maswali ya chemsha bongo nayo yote ni vipindi vya televisheni vya Marekani vya zamani, sikujua hata kimoja. Kasino sijaingia.

Vitu viwili vya ndani vilivyokuwa vizuri. Kimoja ni mhadhara wa yule mtaalamu wa viumbe, meli nyingi za huko huwa naye mmoja, anaongea ukumbini saa nne asubuhi na anaeleza unaangalia nini ukiwa nje, huyo usimkose siku ya kwanza kwa sababu ndiye anayekupa macho ya siku zinazofuata. Cha pili ni mama alikiibua mwenyewe. Alibeba uzi na sindano yake ya kufuma vitambaa vya makochi, akakaa zake dirishani anafuma, mara akaja bibi mmoja wa kizungu naye ana mfuko wa uzi, mara wa pili, kumbe kwenye ile ratiba kuna saa kabisa ya wanaofuma kukutana. Mama Kiingereza chake ni cha salamu tu lakini nilimwacha pale nikarudi baada ya saa mbili nikakuta anawafundisha lile ua la katikati, wamemzunguka, ananiambia "nenda wewe mwanangu, mimi nina wageni." Nikaenda zangu deki.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize maana ni kazi yangu. Watu wanajua baridi ya mlima basi wanadhani ya melini ni ile ile tena nyepesi, kwa sababu ukiangalia simu inakwambia nyuzi 10 au 12, unasema ah, hiyo si ya Julai pale Kibosho? Siyo. Kule Kilimanjaro, Kambi ya Barafu, tunaondoka saa sita usiku kuna baridi ya kukata lakini unatembea, mwili unatengeneza moto wenyewe, ndiyo maana wagumu, yaani wapagazi, utawaona wamebeba kilo 20 na wamevaa tisheti. Melini umesimama kama mlinzi wa geti usiku, hamna unachofanya, na meli nayo inakimbia inakutengenezea upepo wake hata kama hewa imetulia, halafu kuna unyevu, ile pwani yote ni msitu wa mvua, Tongass wanauita, ndio msitu wa taifa mkubwa kuliko yote Marekani, na mvua inanyesha ya manyunyu isiyokatika. Kwa hiyo usivae ya kupandia mlima, vaa ya kusubiria. Ndani ile ya kubana isiyo ya pamba, juu yake flisi, ile sweta laini ya joto, juu yake daun, yaani jaketi la manyoya laini ya ndege, na nje kabisa kitu cha kuzuia mvua na upepo ambacho ni kipana kiasi cha kupita juu ya vyote. Suruali ya mvua watu wanaidharau, ila ukisimama saa mbili mapaja ndiyo yanayoanza kulia. Glovu chukua pea mbili, nyembamba za kushikia simu na nene za juu. Balaklava, ile kofia inayofunika uso mpaka shingo, usione aibu, dakika kumi za kwanza watakucheka halafu watakuuliza umenunua wapi. Na hivi vyote usivinunue Seattle, mimi vya mama nilivipata soko la Memorial hapa hapa Moshi, daun nzuri kabisa ya mtumba, wa Arusha nendeni soko la Kilombero.

Ujanja mwingine ni wa mlimani, chupa ngumu ya maji jaza chai ya moto pale bafe ni bure, funga vizuri, weka ndani ya jaketi kifuani, unapata joto sasa hivi na kinywaji baadaye. Betri ya simu nayo iweke mfuko wa ndani, baridi inaizima ikiwa na asilimia 40 unabaki unalia nyangumi akiruka.

Nyangumi tuliwaona, ndiyo. Wale wenye nundu, wakati wa baridi wengi wanashuka mpaka Hawaii kuzaa, kiangazi wanarudi Alaska kula. Usitafute mkia, tafuta moshi, yaani ile pumzi inayoruka juu inaonekana mbali sana hasa kukiwa na msitu mweusi nyuma yake, ukishaiona weka darubini pale pale usubiri, atarudi kupumua tena. Sehemu nzuri siyo juu kwenye bwawa ambako kila mtu anakwenda, ni ile deki ya chini inayozunguka meli yote, uko karibu na maji na kuna sehemu za kujikinga upepo, na asubuhi mapema unakuwa peke yako na wazee wanaotembea mizunguko. Mwezi wa sita saa kumi alfajiri jua limeshatoka na linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo muda upo mwingi tu.

Siku kubwa yenyewe ni ya Glacier Bay, ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa huko Alaska. Hamshuki, meli inaingia ghuba inatembea pole pole siku nzima inatoka, na bado hiyo ndiyo hela ya safari nzima. Asubuhi maaskari wa hifadhi wanakuja na kiboti wanapanda melini huku meli inatembea, wanakaa na nyie mpaka jioni wanaelezea kwenye spika, na meli kubwa za kitalii haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku, jambo ambalo nilitamani watu wetu wa hifadhi walione wakati ule foleni ya Stella Point, pale karibu na kilele cha Kilimanjaro, imefika chini. Walichotueleza kilinikalisha chini: mwaka 1794 mabaharia wa nahodha George Vancouver walipita pale wakakuta ghuba haipo, ni ukuta wa barafu tu umefika karibu na mdomo. Mwaka 1879 John Muir, mwandishi na mpenzi wa mazingira, anakuja anakuta barafu imerudi nyuma zaidi ya kilomita 45 na bahari imeingia. Leo kutoka mdomoni mpaka mwisho ni kama kilomita 105, na ndiyo njia hiyo hiyo meli inapita. Kabla ya hapo tena barafu ilikuja mbele, karne ya 18, ikawafukuza wenyeji wa pale, Watlingit wa Huna, kwenye vijiji vyao.

Mama nilimtafsiria hili akaniuliza, "kwa hiyo hawa barafu iliwakimbiza, sisi inatukimbia?" Kwake Kibo ni kitu cha kila asubuhi, anakumbuka weupe ulivyokuwa unashuka chini wakati yuko msichana, na wataalamu wanasema zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo Kilimanjaro mwaka 1912 imeshaondoka. Mimi wageni ninaowakodishia wanarudi wananiambia Furtwängler, ile barafu ya juu kabisa karibu na kilele, imebaki vipande. Tuliongelea hayo muda mrefu pale kwenye ukingo wa deki.

Mwisho wa ghuba kuna barafu ya Margerie, ukuta wake una upana wa kama kilomita 1.6, na rangi ni bluu kabisa, maana barafu iliyoshindiliwa inameza mwanga mwekundu inaacha bluu. Msigombanie upande. Nimeona watu wazima wanasukumana upande wa kushoto saa nzima halafu nahodha akaigeuza meli taratibu kila upande ukapata zamu yake, ndivyo wanavyofanya. Na usisubiri mlio ndipo ugeuke, meli inakaa mbali kidogo na ukuta, sauti inachelewa, ukisikia ngurumo ujue kipande kimeshaanguka, kodoa macho kwenye sehemu yenye vumbi la barafu linalodondoka dondoka, hapo ndipo patakapokatika. Sili nao wamelala juu ya vipande vinavyoelea, hawana habari na mtu.

Kulalamika: intaneti ni ya kulipia na ni ghali na inakwenda kwa kusuasua, mimi nilizima simu nikapona. Bakshishi wanakata wenyewe kila siku kwa kila kichwa, kwenye meli hizi huwa ni kama dola 16 na kuendelea, mara nyingi mtoto na mtu mzima sawa, ulizia kama imeingizwa kwenye bei maana mdogo wangu aliletewa bili ya mwisho akaishika muda mrefu. Chakula ni kingi kupita kiasi ila hakina chumvi ya nyumbani, siku ya nne mama alianza kutaja mtori kwa majina. Pilipili beba yako. Na wale wanaopita na kamera kukupiga picha kila kona, picha moja wanauza bei ya viatu vya mlima vya mtumba.

Siku ya mwisho mnakaa majini mpaka jioni mnapofika Victoria, na hiyo kwa kweli ni ndefu, watu wameshapanga mabegi, bahari imerudi kuyumba, deki kuna upepo usio na kitu cha kuangalia. Tulicheza karata last card mimi na mdogo wangu na mama mpaka mama akatufilisi.

Natoa nyota nne. Kama unapenda kushuka kila siku kufanya shopping usiende, utachoka na utaona umeibiwa. Kama una mzee nyumbani ambaye miguu haimruhusu tena kupanda hata mpaka Mandara, kile kituo cha kwanza cha mlima, lakini anataka kuiona barafu kwa karibu akiwa amekaa kwenye kiti na blanketi, mpeleke, na nguo njoo dukani tuongee bei.