Gata za bati na za plastiki, nimetumia zote mbili kwa nyumba moja Entebbe

Kila mvua ikikaribia watu wananiuliza wafunge gata gani, za bati au za plastiki, acha niseme mara moja yaishe. Gata ni ile mifereji ya ukingoni mwa paa inayokusanya maji ya mvua. Nyumba yangu iko Entebbe karibu na ziwa, na huku mvua haipigi hodi. Mbele nimefunga za bati tangu 2015, nyuma upande wa jikoni za plastiki tangu 2019, so naongea kitu nimepandia ngazi mwenyewe.

Za bati nilitengenezewa Katwe kule Kampala, wale jamaa wanakunja bati umesimama hapo unaangalia, kazi safi kabisa. Waliniambia miaka 20 na mi naamini bati lenyewe litafika, maana mpaka leo katikati ya vipande bado linang'aa. Shida iko kwenye maungio. Fundi aliyekuja kufunga alikata kwa grainda, cheche zinaruka mpaka kwa maua ya mama watoto, na mi naona kazi inaenda haraka nafurahi tu. Kumbe grainda inaunguza ile zinki pale inapopita! Kutu ikaanza hapo hapo kwenye mkato, kwanza kamstari kembamba rangi ya chai, mwaka wa tano kidole kinapenya. Mwambieni fundi akate kwa mkasi wa bati, na pale alipokata apake rangi ya kuzuia kutu kabla hajaunga.

Za plastiki sasa. Muuzaji aliniambia "ssebo (yaani bwana), hii utawaachia wajukuu." Sawa. Mwaka wa tatu ule upande unaopigwa na jua ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe kama chaki, hapo ujue jua limeshaanza kuila. Halafu plastiki inarefuka ikipata joto, kipande cha mita 6 kati ya alfajiri na saa nane mchana kinaweza kuongezeka kama sentimita moja hivi, na fundi alikuwa ameshika kila kitu kwa gundi hakuacha nafasi hata kidogo, mchana tunakaa jikoni tunasikia tak, tak, mpaka siku moja ikapasuka. Lakini kile kipande kilicho kwenye kivuli cha mwembe hakina kasoro yoyote. Kwa hiyo ukisikia plastiki inadumu miaka 10 mpaka 20, uliza kwanza jua linaipiga saa ngapi.

Ngedere nao! Watu wa Entebbe mnanielewa. Wanapita juu ya gata kama ni barabara yao, na braketi zangu zilikuwa mbali mbali, mita nzima na zaidi, ikalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nimeongeza braketi kila sentimita 60, sasa wapite tu.

Kuna hili la mteremko, hapa ndo nilikasirika kweli. Fundi alipiga pima maji akaweka gata sawasawa kabisa eti ipendeze ukiwa barabarani. Maji yakawa yanalala humo vidole viwili, wiki moja tu mbu washatoka. Inatakiwa ishuke kuelekea kwenye bomba, walau nusu sentimita kwa kila mita, na kwa macho huoni hata. Kabla hujamlipa mtu mwaga ndoo ya maji upande wa juu uone kama yote yanaondoka.

Kusafisha mi nafanya mara mbili, Februari na Agosti, kabla mvua hazijaanza. Agosti iliyopita nilitoa ndoo mbili nzima, majani ya mwembe wa jirani, tope jeusi, wale wadudu wa ziwani wamekufa tabaka zima wananuka kama samaki, na kokwa la embe limeshaota mche urefu wa kidole. Ndani ya gata jamani. Usiegemeze ngazi kwenye gata yenyewe, egemeza ukutani, mi nilipinda kipande hivyo.

Na usidharau, upande mmoja wa paa ukiwa mita za mraba 50, mvua ya milimita 20 tu inakupa kama lita 1,000, tanki dogo limejaa. Yale maji ya kwanza baada ya kiangazi yaache yaende, yamebeba mavi ya ndege na vumbi lote.

Maksi zangu: bati 4 kwa 5, plastiki 3 kama una kivuli, juani 2. Fundi wa kwanza simpi kitu. Kile kipande kilichopasuka mama watoto alikiziba miisho akajaza udongo akapanda dodo, yaani mchicha, inaota vizuri, ngedere bado hawajaigundua.